Mwanya wa ukubwani si urembo, ni fizi zinaugua

Mwanya ni urembo, hilo halina ubishi. Watunzi wa nyimbo za mapenzi wameusifu, na shangazi humtabiria mtoto uzuri tangu meno yake ya mbele yanapochomoza yakiwa na nafasi katikati.

Kwa hiyo mwanamke wa miaka 38 akijitazama kwenye kioo na kuona meno yake mawili ya mbele yameachana kidogo, hashtuki. Shoga yake ndiye wa kwanza kusema: "Shosti, mwanya huo ulikuwa umeuficha wapi siku zote?" Wanacheka, mazungumzo yanahamia kwingine.

Asichomwambia shoga yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mswaki wake umekuwa ukitoka na damu. Kwamba nyama sasa anaitafunia upande wa kushoto tu. Kwamba akiongea na mtu kwa karibu huziba mdomo kwa mkono, na watu hudhani ni haya.

Mwanamke huyu ni mfano tu, lakini daktari yeyote wa kinywa na meno atamtambua mara moja. Mwanya wa asili hubaki palepale miaka yote. Mwanya unaotokea ukubwani, kwenye meno yaliyokuwa yamekaribiana, maana yake jino limehama. Na jino halihami bila sababu.

Watu wengi hudhani jino limeshikwa na fizi. Sivyo. Jino limesimama ndani ya mfupa wa taya, na fizi imeufunika mfupa huo kama udongo unavyofunika mizizi ya mwembe. Mvua ikiuchukua udongo mwaka hadi mwaka, mizizi hubaki nje, na siku moja mti huinama. Ndicho kinachotokea kinywani, ila hapa kinacholiwa ni mfupa wenyewe, na hauumi. Hilo ndilo baya lake. Jino lililotoboka humwamsha mtu saa nane za usiku, lakini ugonjwa wa fizi unaweza kula nusu ya mfupa huku mwenye kinywa akiendelea na shughuli zake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua mbaya. Wengi wao hawakuanza na maumivu. Walianza na damu.

Siku 21 bila mswaki

Mwaka 1965, nchini Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha kinywa.

Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote 12 walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Hakuna aliyenusurika. Kisha wakarudishiwa miswaki, na baada ya takriban wiki moja ya kusafisha vizuri fizi zilirudi kuwa kama mwanzo.

Jaribio hilo lilimaliza ubishi wa miaka mingi. Chanzo cha fizi kuvimba ni ukoga, yaani ule utando laini, mweupe au wa njano hafifu, unaotambaa kwenye jino pale linapokutana na fizi. Mtu akikwangua jino kwa ukucha asubuhi atauona. Ukoga ni makazi ya mamilioni ya bakteria, na mwili ukihisi bakteria hao wako mlangoni hupeleka damu nyingi kwenye fizi kupambana nao. Ndiyo maana fizi huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu zikiguswa.

Ukoga ukiachwa siku chache huanza kushika madini yaliyo kwenye mate na kuwa mgumu kama gamba. Huo sasa ni ugaga. Mswaki hauwezi kuutoa, hata mtu asugue hadi mkono uchoke. Ugaga huota zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa nje wa magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo mirija ya mate inapomwagia.

"Basi acha kwanza mpaka ipone"

Mazungumzo kama haya hufanyika katika nyumba nyingi.

"Mama, nikipiga mswaki natoka damu."

"Pole mwanangu. Basi acha kwanza mpaka ipone. Sukutua maji ya chumvi."

Jibu limetoka kwa upendo, na ndilo kosa lenyewe. Kidonda cha mguuni hupona kikiachwa bila kusuguliwa, kwa hiyo mama anatumia akili ileile kwenye fizi. Lakini fizi inatoka damu kwa sababu kuna ukoga uliobaki hapo. Mswaki ukiondolewa, ukoga unaongezeka, uvimbe unazidi, damu inakuwa nyingi, na mtoto anaogopa zaidi. Mtu mzima naye hufanya hivyohivyo kimyakimya: anaruka sehemu inayotoka damu, anasugua kwingine, na baada ya mwaka sehemu ile aliyoiruka ndiyo yenye shimo.

Kinachotakiwa ni kinyume chake. Sehemu inayotoka damu isafishwe kwa mswaki laini, taratibu, asubuhi na usiku, bila kuirukia. Siku tatu nne za mwanzo damu itaendelea kutoka. Kama ugonjwa bado uko kwenye fizi tu, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili damu hupungua hadi kukoma. Ikipita wiki mbili na bado inatoka, kuna ugaga ambao mswaki haufiki, au tatizo limekwenda chini zaidi. Hapo ni kwa daktari.

Maji ya chumvi hayana ubaya. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu hutuliza fizi. Ila hayang'oi ukoga, kama vile kumwaga maji kwenye sufuria yenye ukoko hakuondoi ukoko.

Wapo pia wanaokimbilia machungwa, kwa kuwa wamesikia damu kwenye fizi ni upungufu wa vitamini C. Ni kweli upungufu mkubwa wa vitamini hiyo huoza fizi, na mabaharia wa zamani walikufa kwa ajili hiyo. Lakini katika nyumba inayokula mchicha, maembe na ubuyu, ukoga ndio wa kushukiwa kwanza. Machungwa yaliwe, na mswaki upigwe.

Mbona bibi alikufa na meno yake yote?

Hoja hii hutolewa na wanaume zaidi, hasa wanapoambiwa waende kusafishwa meno. "Bibi yangu hakuwahi kuona dawa ya meno, na amezikwa na meno 32."

Inawezekana ni kweli. Kuanzia mwaka 1970, Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakuwa wakipata huduma ya meno. Kati yao, asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Asilimia 81 mfupa wao uliliwa polepole. Asilimia 8 uliliwa kwa kasi, kiasi kwamba walipoteza meno wakiwa bado na nguvu za kazi.

Bibi huenda alikuwa katika ile asilimia 11. Mjukuu hana namna ya kujua yuko kundi gani hadi meno yaanze kulegea, na wakati huo mfupa umeshakwenda. Zaidi ya hayo, bibi huenda alikuwa na mswaki wa mti mdomoni kila asubuhi, akitafuna ncha hadi iwe nyuzi, akisugua kwa nusu saa huku akifagia uwanja. Mswaki wa mti ukitumiwa kwa uvumilivu wa namna hiyo huondoa ukoga vizuri. Wasiwasi ni mkaa, majivu na mchanga mlaini, ambavyo hukwaruza jino na kuisukuma fizi irudi nyuma.

Hatari huongezeka kwa watu wa aina fulani. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa fizi zake huugua kwa urahisi, na fizi zikiugua, sukari nayo huwa ngumu kushuka. Mzee wa nyumbani ambaye sukari yake haitulii licha ya dawa aangaliwe na kinywa pia. Mvutaji wa sigara ana tatizo la ajabu kidogo: moshi hubana mishipa ya damu, kwa hiyo fizi zake hazitoki damu sana hata zikiwa zimeoza kwa ndani. Anajiona mzima. Akiacha sigara, damu huanza kutoka, akadhani kuacha ndiko kumemletea ugonjwa.

Zipo pia dawa zinazoziotesha fizi hadi zikafunika meno. Miongoni mwake ni fenitoini ya kifafa na nifedipini au amlodipini za shinikizo la damu. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa uamuzi wake. Amweleze daktari aliyemwandikia, maana mara nyingi kuna mbadala, na kusafisha kinywa vizuri hupunguza uotaji huo.

Mama mjamzito

Homoni za ujauzito huzifanya fizi zipokee ukoga kwa hasira. Mama aliyekuwa akiona damu mara moja moja huanza kuiona kila siku, hasa kuanzia mwezi wa pili na kuendelea. Wengine huota kinundu chekundu kati ya meno, kinachotoka damu kikiguswa. Kinatisha kwa macho lakini si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua.

Kauli kwamba mtoto tumboni hunyonya madini ya meno ya mama yake si kweli. Meno ya mama yakilegea, sababu ni fizi zilizokuwa zikiugua tangu kabla ya mimba. Na kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, miezi ya nne hadi ya sita ikiwa ndiyo rahisi zaidi, kabla tumbo halijawa zito kulala chali. Mjamzito amwambie daktari mapema kuwa ana mimba, na aseme ya miezi mingapi.

Anayetapika asubuhi asikimbilie mswaki papo hapo, kwa sababu asidi ya tumboni hulainisha jino. Asukutue maji, asubiri kama nusu saa, kisha apige mswaki.

Anachofanya daktari

Wengi huogopa kiti cha daktari wa meno kwa kuwa wanakijua kwa kazi moja, kung'oa. Kwa ugonjwa wa fizi kazi ni nyingine kabisa. Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukiteleza taratibu kati ya fizi na jino. Kwenye fizi nzima kinaingia milimita 1 hadi 3 na kugota. Kikiingia 4, 5 au 6, hapo pamekuwa mfuko, na bakteria wamejificha ndani yake mahali ambapo hakuna mswaki unaofika. Pengine atapiga picha ya eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani.

Kisha hukwangua ugaga, juu na chini ya fizi. Palipo na mfuko mrefu huchoma ganzi kwanza. Kazi inaweza kuhitaji kurudi mara mbili au zaidi.

Baada ya hapo huzuka malalamiko ambayo yameharibu sifa ya huduma hii mitaani: "Nilikwenda nikiwa mzima, wamenisafisha meno yakalegea." Yalikuwa yamelegea tangu zamani. Ugaga ulikuwa umeyashikanisha kama saruji. Ukitolewa, na uvimbe ukinywea, nafasi huonekana na meno huhisi baridi kwa siku kadhaa. Fizi zikishajishika upya, meno mengi hukaza tena kiasi.

Dawa za kuua bakteria za kununua dukani bila kuandikiwa hazichukui nafasi ya kazi hii. Kidonge hakikwangui ugaga. Maumivu au usaha hupungua kwa wiki moja, mtu anajiona amepona, kisha vinarudi, na safari ya pili dawa ile haifanyi kazi tena. Daktari huwa na sababu maalumu akiiandika.

Kwenye kituo cha afya ambacho hakina vifaa vya kukwangua, mgonjwa aulize rufaa ya hospitali ya wilaya. Na anayeambiwa jino ling'olewe kwa kuwa limelegea ana haki ya kuuliza kama linaweza kutibiwa kwanza.

Watoto

Mswaki uanze jino la kwanza linapotokea. Chini ya miaka 3, dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Atema povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mtoto wa miaka 5 akisema "nimeshapiga" maana yake ameloanisha mswaki. Mzazi ndiye wa kupiga, au kurudia, hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Mzazi asimame nyuma yake, amlaze kichwa kifuani, na kupeleka nywele za mswaki pale jino linapokutana na fizi, zikiwa zimeinama kidogo kuelekea kwenye fizi, kwa mizunguko midogo. Dakika 2 zinatosha. Ndivyo apige na mtu mzima.

Fizi ya mtoto mchanga ikivimba sehemu ambayo jino linataka kutoka, hiyo ni kawaida. Wale wanaowachokonoa watoto wenye kuhara wakidai wanatoa "meno ya plastiki" huwa wanang'oa vichipukizi vya meno ya kweli, kwa vifaa vichafu, na watoto wamepoteza maisha kwa kuvuja damu na maambukizi. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya ORS na zahanati.

Kijana wa miaka 13 hadi 20 apewe jicho la pekee. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayoanza umri huo, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na hushambulia magego ya kwanza na meno ya mbele kwa kasi kubwa. Kinywa chake kinaweza kuonekana kisafi, ukoga kidogo, damu kidogo. Dalili ambayo mzazi anaweza kuiona ni hiyohiyo inayosifiwa: mwanya ambao mwaka jana haukuwepo. Huwa na mkondo wa kifamilia, kwa hiyo akigundulika mmoja, ndugu zake nao wapimwe.

Na kuna moja isiyosubiri wiki. Mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, aliyedhoofika kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua au malaria, akipata kidonda kwenye fizi kinachonuka vibaya, fizi ikageuka kijivu au shavu likaanza kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula fizi, mfupa na uso ndani ya siku chache. Usipotibiwa huua takriban watoto 9 kati ya 10. Ukiwahiwa unazuilika kwa dawa za bei ndogo, usafi wa kinywa na lishe. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Mwanya utabaki?

Kwa yule mama wa miaka 38, mfupa uliokwishaliwa haurudi kwa kupiga mswaki wala kwa kukwanguliwa. Mwanya wake pengine utabaki. Kinachoweza kusimamishwa ni safari yenyewe. Akisafishwa, akajifunza kupitisha uzi au vimswaki vidogo kati ya jino na jino kila usiku kabla ya kulala, meno hayo anaweza kuyatafunia miaka mingi ijayo.

Daktari atamwita tena baada ya kama miezi mitatu, kijiti kile kiingie tena kwenye mifuko ileile, na namba ziandikwe pembeni ya zile za kwanza. Palipokuwa 6 panaweza kusomeka 4. Siku hiyo aende na binti yake wa miaka 15, naye akae kwenye kiti apimwe.